Sevu Aliyofunzwa Naila

Mimi nikiulizwa habari za Naila hukasirika kwanza, halafu ndio naeleza. Hapa Mukuyuni watu wanasema refa alimwonea. Refa hakumwonea mtu! Nyamazeni niwaambie.

Naila ni mpwa wa Bilal, yule mwenye duka la misumari na mabati. Babu yao alitoka pwani na biashara akabaki, kwa hiyo huyu msichana ni wa hapa kabisa. Kikamba chake kinanishinda hata mimi Kasyoki niliyezaliwa nacho. Alimaliza kidato cha nne akiwa na gredi za kusomea uuguzi, karo ikakosekana, na miaka sita akawa anapimia watu misumari. Hakuwahi kununa. Ukimtania anakurudishia mara mbili.

Mimi nashona viatu nyuma ya soko, karibu na ile meza ya simiti waliyojengewa vijana wacheze mpira wa meza. Ni mimi niliyemfundisha. Jioni Bilal akimruhusu anakuja mbio, hijabu ameibana na pini, raketi kwapani.

Sevu ya topspini, ule mpigo wa kuanzia unaozungusha mpira kwenda mbele, si nguvu, nilimwambia. Watu huupiga mpira kana kwamba wanaua nyoka. Wewe upanguse mgongo tu, raketi itoke chini iende juu na mbele, kama unafuta vumbi kwenye kiatu. Miezi miwili mpira ulikuwa unaishia kwenye wavu ama kwa mama wa nyanya.

"Kochi, huu mpira una shetani," akaniambia.

"Shetani ni hicho kifundo cha mkono wako. Kilegeze!"

Nilimfokea sana, Mungu anisamehe. Halafu siku moja mpira ukatii. Uligusa upande wake, ukagusa ng'ambo, kisha ukachomoka mbele. Kyule muuza nyama, bingwa wetu wa soko zima, akapiga hewa. Asi! Tulicheka mpaka machozi.

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Pale nyuma ya soko kuna upepo, na mwezi wa nane ni balaa. Ukirusha mpira juu, utaenda kuutafuta kwenye nyanya. Kwa hiyo sisi sote huwa haturushi. Tunaushika kwa vidole na raketi inaukuta palepale mkononi. Naila hakuwahi kuona mtu akifanya vingine.

Mwezi wa tisa tukasikia kampuni moja ya Nairobi itakuja mjini Wote kuchagua mchezaji mmoja wa kike wa timu yake ya mpira wa meza. Atakayeshinda anaajiriwa, na jioni anasomeshwa chuo. Sharti awe hajafika miaka ishirini na tano, na Naila alikuwa anaitimiza mwezi uliofuata. Ilikuwa hiyo ama basi. Bilal alifunga duka siku nzima akaja kupiga makofi.

Alifika fainali moja kwa moja, maana mechi za kwanza wachezaji walijihesabia wenyewe na hakuna aliyeiweza ile sevu. Fainali ikapewa refa. Sevu ya kwanza, akainua mkono. Akamweleza kwa upole: mpira ukae juu ya kiganja kilicho wazi, urushwe juu kama shubiri moja, ndipo upigwe. Safari hii anamwonya, ya pili inakuwa pointi ya mwenzake.

Naila akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Alijaribu, masikini. Akarusha, mpira ukapita juu ya raketi. Akarusha tena, ukaenda kwenye wavu. Akirudi kwenye mazoea, refa anainua mkono. Mkono wa miezi minane haubadiliki kwa dakika kumi. Alifungwa seti tatu kwa bila, na msichana aliyemfunga hakuwa na sevu yoyote ya maana.

Tulipotoka nje, Bilal alienda kutafuta gari. Naila akakaa kwenye ngazi, akaniuliza polepole, "Kochi, hii sheria ulikuwa unaijua?"

Niliijua. Niliambiwa nikiwa shule ya upili, na mwalimu aliyetuchezesha ndani ya bwalo. Nilipofika kwenye meza ya soko nikajaribu kurusha, upepo ukaniaibisha mbele ya watu, nikaacha. Na Naila alipokuja, sikutaka anione nikikosa. Ni hilo tu. Sikutaka msichana mdogo anicheke.

"Sikujua," nikasema. "Haki ya Mungu, Naila, sikujua."

"Basi usijilaumu. Ulinipa ulichokuwa nacho." Akanipa pole. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi! Kisha akavuka barabara, akaniletea soda baridi na kunifungulia kabisa.

Nikainywa yote.