Mlango Usiofunga Kifuani mwa Fundi

"Fundi, mbona unalala umekaa? Unasubiri basi?"

Aliyeuliza ni jirani yake, muuza mkaa, asubuhi moja alipochungulia dirishani akamkuta kitini, mito mgongoni, shingo imelala upande. Fundi cherehani akafumbua jicho moja.

"Basi lenyewe limeniacha, shoga. Nikilala chali, nazama."

Muuza mkaa akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani ni utani.

Utotoni fundi aliugua koo, kisha magoti yakavimba. Nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto, akapona, yakasahaulika. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa umeacha kovu moyoni. Akakua, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, akawashonea sare watoto wa mtaa mzima kwa cherehani ya kukanyaga. Pumzi ilipoanza kumpaa kwa kupanda ngazi tu, akasema ni uzee.

Daktari ndiye aliyemweleza, kwa upole.

"Moyo una vyumba vinne, mama. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka na kuisukuma mapafuni ikachukue hewa safi. Ikirudi, upande wa kushoto unaisukuma mwili mzima. Kati ya chumba na chumba kuna mlango. Damu ikishapita, mlango unajifunga, isirudi nyuma. Wako mmoja wa kushoto haufungi. Kila pigo, sehemu ya damu inarudi ilikotoka, mapafu yanalowa."

"Na miguu kuvimba?"

"Upande wa kulia nao umechoka kusukuma. Maji yanatuama chini."

Akapewa vidonge vya kupunguza maji. Vilifanya kazi, tena sana. Hata kabla hajamaliza mshono mmoja, mkojo umembana, na choo kiko nyuma ya ua, kushuka ngazi na kuzipanda tena. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kina mama wamejaa mlangoni. "Fundi, ya mwanangu bado?" Mwanamke wa watu akaviweka vidonge kwenye droo ya vifungo. Nitameza nikimaliza sare, alijiambia. Miguu ilipokataa kuingia kwenye viatu, akavaa kandambili za marehemu mumewe, akaendelea kukanyaga.

Sare zilikwisha. Watoto walikwenda shule wamependeza. Asubuhi hiyohiyo binti yake alimkuta ameng'ang'ania ukingo wa cherehani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, hawezi kutamka hata neno "maji".

Hospitalini walimtoa maji akapata nafuu kidogo. Binti akauliza kama mlango mbovu hauwezi kubadilishwa.

"Hubadilishwa," daktari alisema. "Ila sasa msuli wenyewe umetanuka kwa kufanya kazi mara mbili. Hautahimili kisu."

Fundi akainua kichwa. "Kama mpira wa kiuno uliovutika ukalegea?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Huo haushoneki," alisema fundi. "Unatolewa, unatiwa mwingine."

Daktari aliangalia sakafu. Hakuwa na mwingine.

Wakarudi nyumbani. Siku binti alipofungua droo kutafuta sindano, akavikuta vidonge katikati ya vifungo, pakiti haijapungua sana. "Mama! Kwa ajili ya kaptula za watu?" Akalia kwa hasira.

Zamani fundi alisali amepiga magoti. Sasa anasali kitini, na kila akiita jina la Mungu pumzi inamkatikia hapo hapo, ombi lenyewe halifiki. Muuza mkaa huja kukaa naye, na hamtanii tena juu ya basi. Cherehani imefunikwa kitambaa.

Jana alimwita binti yake karibu. Ilibidi apumzike kati ya neno na neno.

"Mwanangu, siku hiyo ikifika, msinilaze chali mpaka muwe na hakika nimekwenda."