Pasi Iliyolala kwa Watu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, hakikutokea kitu chochote. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Nilikuwa binti niliyeolewa karibuni, kazi yangu kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni hapa Mpanda, miaka ya tisini. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta, ukija kwa saa chache tu, na ukija kila mtu anakimbia. Msimamizi wetu alikuwa Mama Skolastika, Mpimbwe kwa kabila, mjane, mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa na amri moja iliyotuchosha: kifaa kipya, au kilichotoka kutengenezwa, hakichomekwi mpaka fundi wetu Masanja akipime na kukifunga uzi mwekundu kwenye waya. Hata vile vya zamani vilipimwa upya kila baada ya miezi kadhaa. Sisi tulimcheka. Tulisema mama huyu anazivisha pasi shanga.

Basi pasi yetu nzuri ikaharibika, tajiri mwenye nyumba ya wageni akaipeleka kwa fundi wa sokoni. Ikarudi Jumamosi, waya mpya, inang'aa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya parokia, na majoho ya kwaya tuliyoletewa kupiga pasi yamejaa mezani. Masanja alikuwa msibani Litapunga. Umeme ukawaka. Nikaibeba pasi kwenda ukutani, miguu mitupu, kwa maana chumba kile tulikideki kila mara na viatu tuliviacha mlangoni. Kwetu kukanyaga na viatu penye nguo za kanisa ilikuwa kukosa adabu. Sakafu ilikuwa bado na maji.

"Weka chini," Mama Skolastika akasema. "Haijapimwa hiyo."

"Mama, si pasi yetu ile ile?"

"Ilikuwa yetu. Imelala kwa watu, sijui imerudi na nini."

Mwalimu wa kwaya, aliyekuja kufuata majoho, akaingilia. "Mama, utatuaibisha mbele ya parokia nzima!"

"Mwalimu, aibu itapita. Huyu binti nikimrudisha kwao amebebwa, mama yake nitamwambia nini?"

Nilinuna, mwanangu, we acha tu. Tukawasha pasi za mkaa, tukapiga mpaka giza likaingia, macho yanatoka machozi kwa moshi. Jumapili kwaya iliimba na madoa ya majivu kwenye mikono ya majoho, na mwalimu hakutusalimia.

Masanja aliporudi, aliichomeka ile pasi bila kuigusa bati, umeme ulipokuja. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Moja akaigusisha kwenye bati la pasi, nyingine kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Balbu ikawaka.

Akachomoa, akaifungua, akatuita tuone. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, ulikuwa umechunika na kulalia bati. Na ule waya wa tatu, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliotoroka, fundi wa sokoni hakuuweka kabisa. Kwake pasi ilipata moto, basi imepona.

"Nani aliishika hii ikiwa inawaka?" Masanja akauliza.

"Hakuna," Mama Skolastika akajibu.

Masanja akavuta kigoda, akakaa. Nilikuwa na mimba changa ambayo hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Nikapiga magoti mbele ya yule mama, nalia, nasema asante, asante mama.

"Nyamaza," akasema. "Kesho uje na kandambili. Na nyie wengine wote."

Mama Skolastika alishazikwa kwao Usevya, na kila nikipita huko nashuka kumsalimia kaburini. Sijapata namna nyingine ya kumshukuru.

Sasa wewe unaanza kazi kiwandani. Nisikilize. Kifaa kufanya kazi si ushahidi kwamba ni salama. Ile pasi ingenyoosha majoho vizuri sana. Kabla hujachomeka, tazama waya na plagi. Uliza kilipimwa lini na nani, na kama kimetoka kutengenezwa, kisubiri fundi mwenye ujuzi, hata mteja akifoka mlangoni. Kupima vifaa ni wajibu wa mwajiri wako, hakufanyii hisani, kwa hiyo uliza bila kuogopa. Usisimame kwenye maji ukiwa na umeme mkononi. Na akitokea mtu akakuzuia, usinune kama nilivyonuna mimi. Inawezekana amekuokoa na kitu ambacho hutakiona kamwe.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe wakubwa wasioona haya kusema hapana kwa ajili yako, na siku ukiwa mkubwa, akupe moyo wa kuwasemea wengine. Uende kazini mzima, na kila jioni urudi nyumbani mzima.