Mimi, Mama Mkwe na Choo Kilichoziba

Mama mkwe hakupaswa kulala kwangu. Kwetu magharibi, mama wa mke hali kwenye meza moja na mkwe wake, hampi mkono, na kuhusu choo heri tusiseme. Lakini mila hizo zilitungwa na watu wenye boma. Sisi tulikuwa na sebule na chumba kimoja, ghorofa ya sita, mtaani Pipeline, na mlango wa choo ukifunguka mbele ya kochi. Miguu yake ilipovimba hadi viatu vikakataa kuingia, binti yake wa pekee aliye karibu na kliniki nzuri alikuwa mke wangu. Angeenda wapi?

Kwa siku tisa tuliishi kama majirani waliokosana. Nikiwa ndani, yeye alijifunika leso na kuelekea ukutani. Nikitaka kumjulia hali nilimwuliza mke wangu, naye akamwuliza mamake, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, ilhali sote watatu tumesikia tangu mwanzo. Hata siku ambazo kiwandani hakukuwa na kazi nilitoka alfajiri na kuzurura, nikarudi saa yoyote nikichoka. Nyumba yangu mwenyewe ilinibana, na sioni haya kusema hivyo.

Kilichotuweka roho juu ni ile miguu. Daktari alimpa kidonge cheupe cha kutoa maji mwilini, akasema atakwenda haja ndogo mara nyingi na uvimbe utashuka. Haukushuka. Ulipanda hadi magotini, na Alhamisi daktari akatuonya kwamba maji hayo yakifika kwenye mapafu tutampoteza. Akauliza kama dawa anazimeza. Mke wangu akasema anazimeza, yeye mwenyewe humwachia kidonge mkononi kila asubuhi akienda kazini.

Jumamosi choo kikakataa. Mke wangu alivuta maji, yakapanda mpaka ukingoni na kusimama hapo. Mtunza ploti, jengo letu la kupanga, akasema fundi atapatikana Jumatatu, akaniazima waya mrefu na kile kipira chenye mpini. Mke wangu alikuwa na sare za shule za kumaliza kushona. Mlangoni akaninong'oneza, "Leo hutoki. Mama atajisaidia wapi?"

Basi nikaingia chooni na kujifungia. Sikuwa na namna nyingine. Mkwe hawezi kuinama mbele ya mama mkwe, suruali imekunjwa, mkono umezama chooni.

Nilichota maji kwa mkebe, nikayamimina kwenye ndoo ya kufulia. Nikapiga kipira mpaka mabega yakauma. Maji yakashuka kidole kimoja, yakarudi. Joto lilikuwa la kuchemsha yai. Dirisha la humo ni tundu tu, na kitunguu cha jirani kilichokuwa kikikaangwa kilipitia hapo na kuchanganyika na harufu yetu. Nikakunja ncha ya waya iwe ndoana, nikaipenyeza hadi kwenye shingo ya choo, nikaizungusha, nikavuta. Kikaja kitu laini.

Kilikuwa kipande cha leso kuukuu, chenye maua mekundu, kimefungwa fundo dogo kama wazee wanavyofunga sarafu. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kidonge kilicholainika kuwa unga. Nikavuta tena, fundo jingine, kidonge kingine. Nilitoa mafundo manane, na maji yakashuka yote.

Kwanza nilikasirika. Mimi nazurura mitaani kama mkimbizi, binti yake halali kwa hofu, naye anatupa dawa! Kisha nikautazama ule mlango. Ni ubao mwembamba, usioficha hata kikohozi. Kidonge kile kingempeleka chooni mara sita kwa siku, naye hakujua nitaingia saa ngapi nikae hatua mbili kutoka hapo, nikisikia kila kitu. Mama wa watu aliona heri avimbe. Na shimo la choo la kijijini halirudishi kitu. Ukifunga na kutupa, basi.

Hasira ikaniisha, nikabaki na mafundo yangu. Nikimwambia mke wangu, atamgombeza mamake, na huyo mama atapanda basi la kwanza kurudi nyumbani akafie huko na aibu yake. Nikinyamaza, atafia kwangu. Na hata kutoka nisingeweza bila kuyapitisha mafundo mbele ya macho yake. Nikakaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa, nikawaza mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyewahi kunikataza kuongea na mama mkwe huku mlango ukiwa katikati yetu.

"Mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kumtuma mtu. "Choo kimefunguka. Nimeona kilichokuwa ndani."

Kochi likalia.

"Nisamehe, baba," akasema. "Ningekwendaje na wewe upo hapo?"

"Sitakuwepo. Cha leo kiko wapi?"

"Nimekifunga hapa."

"Kifungue, Mama. Umeze. Mimi natoka."

"Nyumba ni yako. Utakaa wapi?"

Nikamwambia nitakaa kwenye ngazi. Nilimpa muda wa kujifunika, nikapita nimekaza macho kwenye dari, mafundo mfukoni, nikaufunga mlango nyuma yangu.

Nilikaa kwenye ngazi na suruali mbichi, siwezi kwenda mbali, siwezi kurudi. Jirani akapita akaniangalia. "Niaje, umefungiwa nje?" Nikasema ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Niliogopa kweli. Labda alikuwa anafunga fundo jingine, na mimi nimemwachia nafasi ya kulitupa.

Baada ya saa moja hivi nikasikia nyayo zake nzito zikiburutwa sakafuni, mlango wa choo, kisha maji yakivutwa. Baadaye kidogo, tena. Mpaka mke wangu arudi, yalikuwa yamevutwa mara tano, na kila mara nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale ngazini, mtu mzima.