Hedhi Ilipokoma, Nikadhani Nimemalizana na Kliniki

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku moja ya kuvuna maharage kwetu Itumba, mwaka wa pili tangu hedhi yangu ikome. Nilikuwa nimevuka hamsini na bado najiona binti. Nikajitwisha debe, nikaanza kupanda kilima cha nyumbani. Sijafika hata nusu, nikakaa chini, pumzi imekata, kifua kinabana. Nikajisemea ni yale majoto ya wanawake wa umri wangu, yatapita.

Shangazi yangu Tusekile, dada yake babu yako, akanikuta pale. Akaniuliza nimepima afya lini. Nikacheka.

"Shangazi, kliniki ni ya wanaozaa. Mimi nimeshamaliza."

"Kilichomaliza ni kizazi," akasema kwa ukali. "Na moyo nao umemaliza? Tua hilo debe, twende."

Nilibisha njia nzima, mtu mzima mimi, naona haya hata kukusimulia. Hospitali wakakuta presha iko juu na mafuta kwenye damu yamezidi. Muuguzi akanieleza kwamba homoni ya kike husaidia kuilinda mishipa. Hedhi ikikoma homoni hiyo hupungua, mafuta mabaya huongezeka, na mishipa ya moyo inaweza kuziba polepole. Akaniuliza napikaje. Nikakiri kwamba mafuta niliyokaangia maandazi ya kuuza sokoni Isongole sikuyamwaga, niliyaungia maharage juma zima. Nilijiona mjanja wa kubana matumizi, kumbe najiumiza, maana mafuta yanayorudiwa kupikiwa huharibu mishipa.

Nikaanza dawa, nikabadili mapishi. Namshukuru Mungu kwa shangazi yule na mdomo wake mkali. Bila yeye nisingekuwepo kumpokea mwanao wa mwisho.

Sasa juzi umenipigia kutoka Tunduma, unasema hedhi imekoma mwaka mzima na umepumzika. Furahi, mwanangu, ni haki yako. Lakini wiki hii funga hilo duka lako siku moja, ukapime presha, sukari na mafuta, hata kama huumwi popote. Punguza mafuta na chumvi, tembea kwa miguu. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje, kimbilia hospitali. Ukiogopa niambie, nitapanda gari nije twende wote.

Mungu aulinde moyo wako, mwanangu, ili wewe ndiye uje kunizika mimi, nisije nikakuzika wewe.