Jina Ambalo Mwajabu Hakulitamka

Huko Heru Juu, mwaka sabini na tano, kama ulitaka kujua hadithi imesomwa vizuri au vibaya, uliangalia mihogo. Wanawake wa darasa la kisomo walikuja bandani alasiri na vikapu vyao, wakakaa mikekani, wakamenya huku wakisikiliza. Hadithi ikiwa haina chumvi, mihogo ilikwisha mapema na kila mtu akaenda zake kuivundika. Ikinoga, visu vilisimama hewani, na jioni watu walirudi nyumbani na mihogo yenye maganda yake. Waume waligomba. Siku ambazo msomaji alikuwa Mwajabu, waume waligomba kupita kiasi.

Mwajabu alikuwa mke wa Omary, fundi baiskeli, lakini hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Alipoolewa kutoka Kibondo watu walimwita mke wa Omary, na alipojifungua mtoto wa kwanza akawa Mama Hamis, basi. Hata yeye alikuwa amezoea. Jina lake alilowekewa na wazazi lilibaki Kibondo kwa mama yake, na mama hakumwona binti yake tangu mjukuu wa kwanza alipokuwa hajaota meno. Nauli, shamba, mimba nyingine. Mambo ya dunia hayaishi.

Kisomo alikiingia kama wengine, kwa kuwa serikali imesema. Wengine walipojua kuandika majina yao walishusha pumzi. Mwajabu ndiyo kwanza alipamba moto. Alisoma karatasi za kufungia sukari. Alisoma matangazo ya ofisi ya kijiji, hata yale ya mwaka juzi. Alisoma maneno ya kanga migongoni mwa wenzake kwa sauti, mpaka wengine wakawa wanazivaa nje ndani. Kwa hiyo sanduku la vitabu lilipoletwa kijijini, kila mtu alijua ni nani atakayekuwa wa kwanza kulipekua. Juu kulikuwa na kilimo bora cha mahindi, chini yake ufugaji wa kuku, na chini kabisa kitabu kisicho na kuku wala mbolea. Kiliitwa Mlima Uliomeza Jua.

Kitabu hicho kilikuwa balaa. Kilisimulia habari za mlima uliofungua kinywa ukalimeza jua, na kijana mmoja aliyeingia tumboni mwake kwenda kulidai. Ndani ya mlima mtu husahau kwanza njia, halafu kwao, halafu jina lake mwenyewe. Akishasahau jina, hatoki mpaka mtu wa kwao amwite kwa jina hilo. Humo mlikuwa na jitu la macho mgongoni, na mchawi wa kike aliyefuga giza kama watu wanavyofuga mbuzi.

Mwajabu hakukisoma tu, alikicheza. Jitu alilipa mngurumo wa mashine ya kusaga ya Kasulu mjini, na watu wakaapa kwamba wanasikia harufu ya unga. Mchawi alimpa sauti nyembamba yenye kikohozi.

“Huyo mchawi,” alisema siku moja jirani yake Winifrida, akiwa ameshika muhogo na kisu, “mbona anakohoa kama mimi?”

“Shoga, wachawi wote wanakohoa.”

“Yemwe! Mnamsikia?” Winifrida aliwageukia wenzake, lakini wenzake walikuwa wameinamia vikapu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Na maoni! Hakuna sura iliyopita bila kuamuliwa. Winifrida alimtetea mchawi kwa nguvu zote, akisema mwanamke wa watu alianzwa. Wengine walilalamika kwamba sura ya mto ni ndefu mno, mtunzi alikuwa anatafuta pa kulala. Mzee mmoja, ambaye alikaa peke yake ukingoni mwa banda kwenye kigoda chake na kujifanya amepita tu, alikuwa na lawama moja isiyobadilika.

“Kijana mwenyewe mzembe,” alisema. “Safari ya siku zote hizo, hana hata kiazi mfukoni. Mwanangu ningemchapa.”

Mzee huyo alikuwa baba mzazi wa Omary, yaani mkwe wa Mwajabu. Hapo ndipo penye kisa. Katika kaya za Buha, nchi ya Waha, mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akimwita, hatamki akiota, na kama jirani ana jina hilohilo, jirani atatafutiwa jingine. Mzee aliitwa Abbasi, jina ambalo marehemu baba yake alilileta kutoka Ujiji aliposilimu. Na mtunzi wa kitabu, ambaye hakuwahi kuwa mkwe wa mtu Heru Juu, alimwita shujaa wake Abbasi.

Mwajabu alipolikuta jina hilo katika ukurasa wa kwanza, mbele ya watu wote, na mwenye jina amekaa pale kwenye kigoda, ulimi ulimgandia. Kisha akasema neno la kwanza lililomjia. “Na jina lake,” akasoma, “lilikuwa Mwenzetu.” Basi ikawa hivyo. Mwenzetu alivuka mto, Mwenzetu akalia njaa, Mwenzetu akakabwa na jitu. Watu walimpenda mno. Walizungumza habari zake kisimani kana kwamba ana shamba pale jirani, na mvua ikinyesha Winifrida alisema, “Maskini Mwenzetu, sijui yuko wapi saa hizi.”

Ikaja habari iliyomkosesha Mwajabu usingizi. Mwalimu Stanislaus, kijana aliyefundisha darasa la kisomo, alitangaza kwamba ndugu afisa wa elimu ya watu wazima atakuja kutoka Kasulu na kinasa sauti. Atamnasa msomaji mmoja kwenye kanda akisoma sehemu za kitabu hicho mpaka mwisho, na kanda zitazungushwa kwenye madarasa ya vijiji vingine: Titye, Buhigwe, mpaka Kibondo.

“Kibondo ipi?” aliuliza Mwajabu.

“Kibondo kuna ngapi, Mama Hamis?”

Moyoni alikuwa ameona banda la darasa la kwao, na mama yake amekaa mbele, maana mama hakubali kukaa nyuma mahali popote. Nauli hana, lakini sauti hailipi nauli. Tangu hapo akaitaka ile kanda kama mgonjwa anavyotaka maji.

“Ila sharti moja,” aliongeza Stanislaus. “Kisomwe kama kilivyoandikwa. Hataki libadilishwe hata neno.”

Mwajabu alijipa moyo kwamba mpaka siku hiyo Mungu atafungua mlango. Aliyefungua mlango akawa Bazilio, mtu wa Titye, aliyeuza chumvi ya Uvinza kwa baiskeli. Titye nao walikuwa na nakala yao, na Bazilio alikuwa ameimaliza mwenyewe, jambo alilolitangaza kabla hajatangaza bei ya chumvi. Alisikiliza kidogo, akakunja uso.

“Dada zangu, mnamsikiliza nani huyo? Katika kitabu hamna Mwenzetu.”

“Hayumo?” Winifrida aliruka. “Ametuvusha mto mzima huyu, wewe unasema hayumo?”

“Nimekisoma mwanzo mpaka mwisho. Shujaa anaitwa Abbasi!”

Muhogo wa mtu ulidondoka kikapuni. Kisha vichwa vyote viligeuka polepole kuelekea kwenye kigoda. Mwajabu alijifunika uso kwa kanga akatamani mlima ule ummeze na yeye.

Mzee Abbasi alijinyoshea kidole kifuani.

“Mimi?” alisema. “Nimo kitabuni?”

“Ego, mzee,” alisema Bazilio, aliyekuwa sasa ametambua alichokifanya. “Kila ukurasa.”

“Na jitu nimelipiga mimi?”

“Wewe.”

Kesho yake mzee alikuja bandani amevaa kanzu ya Idi, na kigoda chake akakisogeza katikati. Lawama ya kiazi hakuitaja tena. Ilionekana sasa kwamba kijana alikuwa jasiri tu, asiyependa kubeba mizigo.

Lakini shida ilibaki palepale, tena ilikuwa imeota pembe. Stanislaus alimwendea mzee kwa heshima zote, akapiga makofi ya salamu, akaeleza habari ya sharti. Mzee akatoa uamuzi wake: mke wa mwana hatamki jina la mkwe, wala ruhusa ya jambo hilo haiko mfukoni mwake, ni ya mababu. Na jina lake lisifutwe kitabuni, kwa maana lilikwisha kuandikwa.

“Sasa mzee, tufanyeje?”

“Wewe ndiye mwalimu,” alisema mzee.

Stanislaus akajaribu kusoma yeye. Kijana wa watu alitamka kila neno, hakuruka hata nukta, akasoma kupigana na jitu kwa sauti ya kusoma muhtasari wa mkutano wa kijiji. Mihogo yote ikamenywa. Winifrida alimaliza ya kwake akasaidia ya jirani, kisha akainuka na kikapu chake. “Mwalimu,” alisema kwa huruma, “wewe soma kile cha kuku.”

Usiku ule Omary alimwambia mkewe alitamke tu hilo jina, nani atamla. Mwajabu alitikisa kichwa. Mzee huyo ndiye aliyembeba Hamis mgongoni mpaka hospitali ya misheni alipougua surua, mvua inanyesha, akakataa kupokewa njia nzima. Si mababu waliomfunga ulimi, ni heshima hiyo, na hakuwa tayari kuibadilisha kwa kanda wala kwa Kibondo. Alilia kidogo, kisha akalala.

Siku ya afisa ikafika. Watu walijaa bandani mpaka nje, na mihogo ambayo hakuna aliyekusudia kuimenya. Afisa aliweka kinasa sauti mezani, akauliza nani anasoma. Watu wakapaza sauti, “Mama Hamis!” Mwajabu alisogea na kitabu. Alijua kwamba atasoma mpaka penye jina, kisha atanyamaza, kisha mambo yataishia hapo. Angalau asome mpaka hapo.

Kanda ikaanza kuzunguka. “Palikuwa na kijana wa kijiji kimoja cha milimani,” alisoma, “na jina lake lilikuwa...”

Akanyamaza. Midomo aliibana. Afisa alinyosha kidole kuelekea kwenye kitufe.

“Abbasi!” alisema mzee kutoka kwenye kigoda, akakohoa, akatazama juu kama mtu ambaye hakusema kitu.

Mwajabu akaendelea. Jina likaja tena, akanyamaza tena, na mzee akalijaza pengo. Mara ya tatu alikwisha kuwa mtaalamu: shujaa akichoka, jina lilitoka limechoka, akipigwa, lilitoka na maumivu. Penye mto alilisema huku akihema. Punde watu wote wakaingia kwa ile tabia ya kuitikia hadithi ambayo kila mmoja wao alinyonya utotoni, na kila Mwajabu aliponyamaza banda zima liliguruma, “Abbasi!” Winifrida alipiga kelele kuliko wote, ingawa moyo wake ulikuwa bado kwa mchawi. Afisa aliondoa kidole.

Sura ya mwisho ikafika. Kijana amelikomboa jua, lakini amelisahau jina lake. Amekaa gizani hajui yeye ni nani. Nje mama yake mzee amepanda mlima peke yake. “Akaweka mikono mdomoni,” alisoma Mwajabu, taratibu sana, “akamwita mwanawe.”

Watu walivuta pumzi kuitikia, lakini mzee aliinua mkono, wakaacha. Akasimama. Aliweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti nyembamba isiyo yake, sauti ya mwanamke anayemwita mtoto arudi nyumbani na giza linaingia: “Abbasiii!” Vijana walitaka kucheka, wakaona machozi yake, wakaacha. Mama yake alikuwa amekufa kabla ya vita ya pili, na tangu hapo hakuna aliyemwita hivyo. Mwajabu alisoma mistari iliyobaki akilia na kucheka pamoja, na jua likatoka.

Afisa alizima mashine akafuta miwani. “Nilisema lisibadilishwe neno,” alisema, “na halikubadilishwa. Sikusema lazima yatoke yote kwenye mdomo mmoja.” Akaandika juu ya kanda: Msomaji, Mama Hamis, Heru Juu, pamoja na wanakijiji. Mzee alitaka jina lake nalo liandikwe. Afisa akamwambia limo ndani, na mzee akaridhika.

Baada ya mavuno ya maharage Omary alimpa mkewe nauli bila kuombwa. Basi lilimshusha Kibondo alasiri, na kabla hajafika nyumbani alisikia mngurumo wa jitu. Ulitoka kwenye banda la darasa. Akasimama nje penye dirisha na mzigo wake kichwani, akajisikiliza. Sauti yake iliponyamaza, watu wa Kibondo ambao hawajawahi kumwona yule mzee walipaza sauti, “Abbasi!”

“Huyo ni binti yangu anayesoma,” alisema mwanamke mmoja wa mbele.

“Mama, umeshatuambia,” alijibu mwingine. “Kanda inasema Mama Hamis. Akina Mama Hamis wako wangapi nchi hii?”

“Mtoto niliyemzaa mimi nisimjue sauti?”

Wenzake wakacheka. Mwajabu alisogeza uso dirishani. Ndani kanda ilikuwa imefika mlimani, na mama yule wa kitabuni anaweka mikono mdomoni. Hapo mama yake akageuka kwa hasira kuwatazama waliokuwa wakimcheka nyuma, akaona uso dirishani.

Hakuingoja kanda. Alisimama, akaita kwa sauti iliyofunika ya mzee na ya mashine:

“Mwajabu!”

“Naam, mama,” akaitika, na mzigo ukamdondoka.