Neva Mbea

Muuguzi anayetupima presha kila Jumanne haanzi na mkanda, anaanza na hotuba. Anasimama mbele ya benchi letu, kidole kikitoka shingoni mwake na kuteremka taratibu hadi kitovuni. "Hapa inapita neva moja mbea kupindukia. Inatoka kwenye ubongo, inapitia kwa moyo, inachungulia mapafu, inashinda tumboni, halafu habari zote inazirudisha kichwani. Ukitoa pumzi polepole, inauambia moyo upunguze mbio. Haya, wazee wangu, fungeni midomo mvume kama nyuki. Asiyevuma hapimwi!" Nasi tunavuma, watu wazima na akili zetu, mpaka mfagiaji anacheka huko koridoni. Siku niliyogoma nilipimwa wa mwisho.

Jumanne iliyopita aliingia bibi mmoja mwembamba, mkoba kwapani. "Shikamoo, mama," alisema muuguzi. Jirani yangu akaninong'oneza kuwa huyo ni mama mkwe wa muuguzi. Hotuba ikayeyuka. Mkanda akaufunga kinyume, akaufungua, ukamponyoka mara mbili, jasho likamtoka puani. Bibi akauokota. "Kaa hapa, mwanangu, tukupime wewe kwanza." Muuguzi akanyoosha mkono haraka, ili yaishe. "Taratibu," akasema bibi. "Nyumbani umetuvumisha sote. Asiyevuma hapimwi."

Muuguzi akavuma. Sisi tulitaka kumsaidia, lakini kila aliyefunga mdomo ili avume alitokwa na kicheko.