Tarakimu Moja ya Wodi ya Watoto

Fundi wa simu wa hospitali ile alikuwa na mikono mizuri na mdomo mwepesi. Mtambo mpya ulipofungwa, yeye ndiye aliyeuandikia kanuni zake zote. Opereta akibonya namba fupi ya wodi, mtambo unaiongezea tarakimu za mbele, namba inakuwa ndefu, simu inalia panapotakiwa. Kila jengo lilikuwa na kanuni yake. Alizimaliza upesi, wakubwa wakamsifu, kichwa kikavimba.

Haikupita muda, bibi mmoja mshonaji aliyekaa mtaa wa nyuma ya hospitali akapiga kulalamika. Watu walikuwa wakimpigia simu ya mezani nyumbani kwake, wakiulizia watoto waliolazwa.

"Bibi, mtambo haukosei," fundi alimjibu, spika ameifungulia ili wenzake ofisini wasikie. "Wanaokupigia ndio hawajui kusoma namba."

"Lakini mwanangu, wanasema wameunganishwa na hospitali."

"Basi waambie wewe ndiye daktari."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bibi akasema, "Haya, nashukuru," akakata. Hakupiga tena, na fundi akajua yameisha.

Siku moja akaingia muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, uso kaukunja. "Simu yetu imekufa? Siku hizi hailii kabisa. Na kuna bibi haishi kuja, nyuzi zimemganda nguoni, anatuletea maulizo ya wazazi. Wewe unamjua?"

Fundi alimkumbuka yule mshonaji. Muuguzi alipotoka, akamwomba opereta amuunganishe na wodi hiyo.

"Hapa si wodini, mwanangu," sauti ilisema kabla hajatamka neno, "ila wodi si mbali. Mgonjwa wako nani? Nitakwenda kumtazama, halafu nitakupigia."

Fundi aliitambua sauti ya bibi.

"Haloo? Usilie. Sema taratibu tu, nakusikiliza."

Akarudisha simu polepole kama mwizi. Kisha akafungua kanuni ya jengo la watoto. Palipotakiwa tisa, yeye alikuwa ameandika sita, namba ikawa ya nyumbani kwa bibi. Kuirekebisha hakukuchukua hata muda wa chai kupoa.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Wazo hilo lilimpitia, nalo likamtia aibu kuliko kosa lenyewe. Alipotoka kazini akaenda kwa bibi, akamkuta kwenye cherehani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi akainua uso. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye uliyeniambia niwe daktari."

"Ni mimi. Na kosa lilikuwa langu, bibi. Niliandika tarakimu vibaya, na uliponiambia sikutaka hata kutazama."

Bibi akakata uzi kwa meno. "Mimi nimetembea tu, miguu ni yangu. Lakini kuna baba mmoja, yuko safarini, aliomba aongee na mwanawe kabla hajapasuliwa. Nilikwenda mbio. Nikakuta wameshamwingiza. Wanasema aliingia analia, 'Baba hajapiga.'"

"Na mtoto?"

"Mzima. Yuko kwao."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Akaomba namba ya huyo baba, akampigia pale pale mlangoni, akaeleza yote.

"Nimesharudi nyumbani, lakini mwanangu amenisusa," baba akasema mwishoni. "Anasema nilimtupa. Hayo unayoniambia mimi, utaweza kumwambia yeye?"

"Nitamwambia."

Kikaja kisauti chembamba. "Wewe nani?"

Fundi, ambaye mbele ya wakubwa hakukosa neno, alitafuta pa kuanzia. "Mimi ndiye niliyekosea namba ya hospitali. Baba yako alipiga. Ikaenda kwingine kwa sababu yangu."

"Hawakukwambia?"

"Waliniambia. Nikacheka."

Mtoto akaweka simu kando. Kisha akasikika akisema kwa mbali, "Baba, kumbe ulipiga?" na simu ikakatika.

Bibi alimsogezea kigoda. Fundi alikitazama, asithubutu kukaa.